Jirani Asiye wa Jumuiya Yetu: Amani ya Mtaa katika Jiji la Dar es Salaam

Jioni ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, wakazi wa Dar es Salaam walitangaziwa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni. Intaneti nayo ilikuwa imezimwa. Kwa siku kadhaa jiji lenye watu 5,383,728 kwa hesabu ya Sensa ya mwaka 2022, jiji la mabasi ya mwendokasi, masoko yasiyolala na simu zisizonyamaza, lilipungua likawa mtaa. Aliyekuwa na kaka Mbezi na shangazi Mbagala hakuwa na namna ya kuwafikia giza lilipoingia. Kila mmoja alibaki na wale aliowakuta ng'ambo ya ukuta wake. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, na siku zile tuliuona ukweli wa neno hilo kwa macho yetu.

Mengi yamesemwa, na mengi zaidi yanapaswa kusemwa, kuhusu damu iliyomwagika, kuhusu familia zinazoomboleza, kuhusu ukweli unaopaswa kujulikana na haki inayopaswa kutendeka. Hatukusudii kuyarudia hayo hapa, wala kuyafunika. Tunataka kutazama jambo moja ambalo siku zile zililiweka wazi, nalo linatuhusu sisi waamini kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote: je, tunawafahamu watu tunaoishi nao?

Katika mtaa mmoja wa jiji hili, usiku wa pili wa amri ile, binti wa Kiislamu alivuka uchochoro akabisha hodi kwenye nyumba ya familia ya Kikatoliki. Baba yake, mzee mwenye ugonjwa wa kisukari, alikuwa ameishiwa dawa. Wenye nyumba walimpokea, wakaulizana, wakakumbuka kwamba mwanajumuiya mwenzao wa nyumba ya tatu ni muuguzi. Usiku ule mzee akahudumiwa, na kulipopambazuka dawa ikatafutwa, ikapatikana. Baadaye binti aliulizwa kwa nini alichagua kubisha pale. Akajibu: "Ninyi ndio mnaopita mlangoni kwetu kila Jumamosi alfajiri mkiimba. Baba alisema, twende kwa hao."

Jumuiya ilipokutana tena, wanajumuiya walihesabu. Walikuwa wamepita mbele ya mlango ule kwa muda wa miaka sita. Hapakuwa na hata mmoja aliyejua jina la mzee yule. Jirani alitufahamu kwa nyimbo zetu, lakini sisi hatukumfahamu yeye.

Mchanganyiko wa watu haukuja wenyewe

Tumezoea kusema kwamba Watanzania ni watu wa amani, kana kwamba amani ni rangi ya ngozi tunayozaliwa nayo. Historia ya jiji letu inafundisha vinginevyo. Mitaa ya Dar es Salaam haikupangwa iwe ya mchanganyiko. Chini ya Wajerumani, na baadaye Waingereza, mji uligawanywa kwa aina ya majengo yaliyoruhusiwa katika kila eneo, na kwa njia hiyo ukagawanywa kwa rangi ya watu: Uzunguni kuelekea bahari, Uhindini kwenye maduka, na Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Huko ndiko Waingereza walikoweka kambi ya wapagazi wa jeshi lao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi hao waliitwa Carrier Corps, nasi tukapata jina la Kariakoo. Uwanja ule wa wazi haukuachwa kwa ajili ya mapumziko. Ulikuwa mpaka.

Hata hivyo, ndani ya mitaa ya Waafrika kulitokea jambo ambalo hakuna mtawala aliyelipanga. Mzaramo mwenye nyumba alipangisha vyumba kwa Mnyamwezi, Mluguru, Mmakonde, Mhaya na Mchaga. Nyumba yenyewe ya Kiswahili ilikuwa mwalimu: ukumbi mmoja katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na nyuma uani penye jiko, maji, choo na kamba ya kuanikia nguo. Mpangaji aliweza kufunga mlango wa chumba chake, lakini hakuweza kuufunga uani. Hapo Mkristo na Mwislamu walisubiriana kwenye bomba, wakaazimana chumvi na mkaa, wakasikiana wakigombana na wakisikiana wakisali. Mtoto aliyeanguka aliinuliwa na mkubwa aliyekuwa karibu, na mtoto aliyekosa alirudiwa na huyo huyo.

Juu ya mafundisho ya uani yaliongezeka mengine. Kiswahili kiliwapa wote lugha ambayo hakuna kabila la bara lililoweza kuidai kuwa mali yake. Utani wa makabila, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, uliwapa watu ruhusa ya kuambiana ukweli mchungu bila kupigana. Mfumo wa nyumba kumi, ulioanzishwa na TANU baada ya Uhuru, ulikuwa na kasoro zake za kisiasa, lakini ulihakikisha kwamba yupo mtu anayejua nani amelala wapi na nani amelala njaa. Dola nayo ilijizuia: tangu sensa ya mwaka 1967, sensa zetu hazijamuuliza mwananchi dini yake.

Zaidi ya hayo yote kulikuwa na msiba. Tangu zamani, turubai likifungwa mtaani, habari ya dini hukaa pembeni. Wanawake hupika pamoja, wanaume hukesha pamoja, na daftari la rambirambi huandikwa majina ya kila aina. Mwislamu huzikwa haraka, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Mkristo mara nyingi husubiriwa ndugu zake wafike kutoka mkoani. Majirani walijifunza kalenda mbili za huzuni wakaziheshimu zote. Vivyo hivyo katika furaha. Familia nyingi za Kikristo, zikiwa na harusi au Komunyo ya Kwanza ya mtoto, zilimwita jirani Mwislamu achinje, ili pasiwe na mgeni atakayekaa mezani bila kula. Hapakuwa na sheria iliyowalazimisha. Ilikuwa adabu ya watu waliojua kwamba kesho watakutana tena bombani.

Tunayakumbuka haya kwa sababu yanaonyesha kwamba amani ya mtaa ilitengenezwa. Ilikuwa na vyombo vyake: uani, bomba, turubai, salamu. Vyombo hivyo vikiondoka, amani inabaki ikiishi kwa akiba, na akiba huisha.

Uani unatoweka

Leo uani unatoweka mbele ya macho yetu. Kariakoo, nyumba za vyumba sita zimevunjwa na mahali pake pamesimama maghorofa ya maduka, stoo na vyumba vya kupanga. Magomeni Kota, mahali pa nyumba za zamani, zilizinduliwa mwaka 2022 nyumba za ghorofa kwa ajili ya familia 644. Hatulaumu ghorofa. Limewapa wengi maji ya uhakika, choo cha heshima na usalama ambao nyumba chakavu haikuweza kuwapa. Lakini ngazi si uani. Watu hupishana kwenye ngazi, na aliye ghorofa ya nne anaweza kuugua wiki nzima bila wa ghorofa ya tatu kujua.

Pembezoni mwa jiji, Goba, Madale, Bunju na Chanika, mambo yamekuwa mengine. Huko kila mwenye uwezo hujenga ukuta kwanza, nyumba baadaye. Ukuta hupanda, juu yake huwekwa chupa zilizovunjwa au nyaya za umeme, na geti la chuma hukamilisha kazi. Tunaelewa sababu: wezi wapo, na mwenye watoto ana haki ya kulala usingizi. Lakini tukubali kwamba zamani mji uligawanywa kwa rangi, na sasa tunaugawa wenyewe kwa kipato. Mtoto wa ndani ya geti husoma shule ya basi la njano, na mtoto wa nje ya geti hutembea kwa miguu. Wanakua mita hamsini mmoja kutoka kwa mwenzake bila kucheza pamoja hata siku moja.

Simu nayo imefanya kazi yake. Tuna kundi la WhatsApp la ukoo, la wilaya tulikotoka, la waliosoma pamoja, la kwaya, la Parokia. Ni neema kubwa kwa anayeishi mbali na kwao. Lakini karibu makundi yote hayo ni ya watu wanaofanana nasi kwa damu, kwa kabila au kwa imani. Tumewapata wa kuzungumza nao walio mbali, tukawapoteza wa kusalimiana nao walio karibu. Ikitokea habari ya uchochezi kuhusu "wale" wa dini nyingine, huingia katika kundi ambamo hayumo hata mmoja wa "wale" wa kusema, "Hapana, mimi nilikuwepo, haikuwa hivyo."

Mnamo tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Chini ya kifusi kile walikuwepo watu wa imani mbalimbali na wa mikoa mbalimbali, na waliochimba kwa mikono kuwatafuta hawakuuliza nani ni nani. Moyo wa ujirani haujafa katika jiji hili. Swali linalotusumbua ni kwa nini moyo huo unasubiri ukuta uanguke ndipo ujitokeze.

Gharama ya kutofahamiana

Wapo watakaosema kwamba haya ni majonzi ya wazee wanaokumbuka ujana wao. Tunawaomba wakumbuke Mbagala. Mwezi Oktoba mwaka 2012, watoto wawili wa mtaa mmoja, Mkristo na Mwislamu, walibishana katika michezo yao kuhusu Kurani, na mmoja akakinajisi kitabu hicho kitukufu. Lilikuwa kosa la mtoto, kosa zito lililowaumiza Waislamu kwa haki kabisa. Tarehe 12 Oktoba hasira ilifika barabarani, na makanisa kadhaa yakavunjwa na kuchomwa moto. Miezi michache baadaye, Februari 2013, ugomvi juu ya nani anastahili kuchinja, jambo ambalo kwa vizazi vingi lilikuwa adabu ya mezani, uliishia kwa mchungaji mmoja kuuawa Buseresere, mkoani Geita.

Matukio hayo yalikuwa na sababu nyingi: siasa, mahubiri ya kukashifiana, ukosefu wa kazi, na manung'uniko ya muda mrefu ya kila upande. Hatudai kwamba salamu za asubuhi zingeyaponya yote. Lakini tunauliza: kati ya kosa la mtoto na moto juu ya paa la kanisa, pana hatua ngapi? Pana mzazi anayeweza kumwendea mzazi mwenzake. Pana mzee wa mtaa, pana sheikh, pana katekista, pana mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hatua hizo ni ngazi ya kushukia hasira. Walipozoeana wazazi, ngazi ipo. Wasipojuana, hasira haina pa kupitia ila barabarani, na huko inawakuta watu wasiowajua watoto wale wala wazazi wao.

Ndiyo maana tunasema kwamba kumjua jirani kwa jina ni jambo lenye uzito wa kijamii. Mtu mwenye jina, tuliyemwona akiuguza mkewe na akibembeleza mjukuu, ni vigumu kumgeuza kuwa "wale".

Tujitazame sisi wenyewe

Kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, yatupasa kujichunguza, kama tufanyavyo kabla ya kuliendea Sakramenti ya Kitubio. Tunapokesha kwa sala na vipaza sauti vikaelekezwa nje hadi alfajiri, je, tumewahi kumfikiria mama mwenye mtoto mchanga nyumba ya pili? Sheria za nchi zinaweka mipaka ya kelele, lakini Mkristo hapaswi kusubiri sheria ndipo amhurumie jirani. Tunapolalamikia adhana ya alfajiri, je, tumehesabu saa za muziki wetu? Dominika, magari yetu yanapoziba geti la jirani wa Parokia kuanzia Misa ya kwanza hadi ya mwisho, je, tumewahi kumwomba radhi, au tunadhani kwamba tukiwa kanisani tumesamehewa kila kitu?

Wapo kati yetu wanaopangisha nyumba na kumkataa mpangaji baada ya kusikia jina lake. Wapo wanaowakataza watoto wao kula nyumba ya Mwislamu siku ya Idi, ilhali wao wenyewe walilelewa kwa sahani za Idi. Wapo wanaotumia lugha ya dharau juu ya imani ya wengine mbele ya watoto, kisha wanashangaa watoto wakiirudia shuleni. Na wapo wengi, tena waamini wazuri, ambao hawana ubaya wowote na mtu. Hawamchukii jirani, ila hawamjui tu. Tunadhani hao ndio wengi wetu.

Hata Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, ambazo ni fahari ya Kanisa letu, zinaweza kuingia katika mtego huu. Mara nyingi katika taarifa ya Jumuiya tunahesabu familia za Kikatoliki zilizohudhuria, zilizochangia, zilizolegea. Nyumba nyingine za mtaa hazimo katika daftari. Polepole tunaanza kuuona mtaa kama visiwa vyetu vichache katikati ya maji, na tunapita juu ya maji hayo tukiimba.

Jumuiya ni ya mtaa

Ni vema kukumbuka Jumuiya hizi zilitoka wapi. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika mikutano ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, walizichagua kuwa kipaumbele cha kichungaji. Walitaka Kanisa lishuke kutoka Parokia kubwa hadi pale watu wanapoishi, wanapougua na wanapozikana. Kwa sababu hiyo Jumuiya haiundwi kwa kazi, kwa umri wala kwa kabila. Inaundwa kwa mahali. Mipaka yake ni nyumba na vichochoro. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994, na Waraka wa Ecclesia in Africa uliofuata mwaka 1995, ulitufundisha kulitazama Kanisa kama Familia ya Mungu, na ukatuonya kwamba familia hiyo haipaswi kujifungia katika ukabila na ubaguzi. Jumuiya ambayo haijui mtaa wake imesahau sababu ya kuanzishwa kwake.

Mafundisho ya Kanisa juu ya waamini wa dini nyingine ni wazi. Tarehe 28 Oktoba 2025, siku moja tu kabla ya zile siku tulizozitaja, Kanisa liliadhimisha miaka 60 tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotangaza Tamko la Nostra Aetate. Tamko hilo linatuelekeza kuwatazama Waislamu kwa heshima, watu wanaomwabudu Mungu mmoja, na linawasihi Wakristo na Waislamu kusahau ugomvi wa zamani na kushirikiana katika haki na amani. Tarehe 4 Februari 2019 huko Abu Dhabi, Baba Mtakatifu Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmad al-Tayyeb, walitia sahihi Hati juu ya Udugu wa Kibinadamu. Mwaka uliofuata Baba Mtakatifu alitoa Waraka wa Fratelli Tutti, akaujenga kwa sehemu kubwa juu ya mfano wa Msamaria mwema.

Mfano huo (Lk 10:25-37) tumeusikia mara nyingi hadi umepoteza ukali wake. Mwalimu wa sheria alitaka kujua jirani yake ni nani, maana yake alitaka apewe orodha yenye mpaka. Yesu hakumpa orodha. Alimsimulia habari ya mtu wa dini na taifa lisilopatana na Wayahudi aliyesimama njiani pale kuhani na Mlawi walipopita, kisha akaligeuza swali: ni nani aliyejifanya jirani? Kuhani na Mlawi hawakumtukana majeruhi. Walipita tu. Yawezekana walikuwa wakienda kusali. Tukikumbuka Jumuiya iliyopita mlangoni kwa mzee kwa miaka sita ikiimba, tunaona kwamba mfano huo umeandikwa pia kwa ajili yetu.

Je, tutapoteza imani yetu?

Baadhi ya waamini huogopa kwamba ukaribu na watu wa dini nyingine utadhoofisha imani, hasa ya vijana. Hofu hiyo haistahili kubezwa, kwa maana wazazi wengi wameona mtoto akibadili dini kwa sababu ya ndoa bila hata kuulizwa anaamini nini. Lakini dawa ya imani dhaifu ni katekesi nzuri, wala si ukuta mrefu. Kijana anayejua kwa nini anasali, kwa nini anaungama na anampokea nani katika Ekaristi, anaweza kukaa na rafiki Mwislamu wakati wa futari na kurudi nyumbani akiwa Mkatoliki mwenye shukrani zaidi. Hati ya Kanisa ya mwaka 1991 kuhusu Mazungumzo na Utangazaji wa Injili inataja aina nne za mazungumzo, na ya kwanza ni mazungumzo ya maisha: watu kuishi kwa ujirani mwema, wakishirikishana furaha na taabu zao. Haihitaji shahada ya teolojia. Bibi zetu waliifanya uani.

Wengine huuliza: "Mbona wenzetu hawatutendei hivyo?" Pengine ni kweli kwa baadhi. Lakini yule Msamaria hakusubiri Wayahudi waanze. Tena, tukichunguza vizuri, tutaona kwamba katika mitaa mingi waliotangulia kufika kwenye misiba yetu na sinia la chakula ni akina mama wa Kiislamu. Na katika familia nyingi za jiji hili, kaka ni Mwislamu na dada ni Mkatoliki. Mpaka tunaouchora barabarani mara nyingi hupita katikati ya meza yetu wenyewe.

Ipo pia hoja ya tatu, nayo ni nzito kuliko zote. Tusije tukafanya ujirani mwema kuwa blanketi la kufunikia dhuluma. Nabii Isaya (32:17) anafundisha kwamba amani ni tunda la haki. Jirani aliyepoteza mwana mwezi Oktoba hahitaji kwetu maneno ya kumnyamazisha. Anahitaji tukae naye, tumsikilize, tumsindikize anapodai ukweli. Ujirani wa kweli hauogopi machozi ya mtu wala hauulizi kwanza alikuwa wa chama gani.

Tuanzie wapi

Hatuna mpango mkubwa wa kupendekeza. Mambo tunayoyaona ni madogo, na yako ndani ya uwezo wa kila Jumuiya.

Kwanza, kila Jumuiya iujue mtaa wake wote. Viongozi wagawane nyumba, wasio Wakatoliki wakiwemo, wabishe hodi, wasalimu, wajue jina la mwenye nyumba, nani ni mgonjwa na nani anaishi peke yake. Wasiende kuhubiri wala kuomba mchango. Waende kusalimu.

Pili, msiba wa mtaa uwe msiba wetu, awe marehemu wa dini yoyote, na tufuate desturi ya wafiwa kwa heshima. Matendo ya huruma tunayoyafundisha watoto hayana mpaka wa kadi ya ubatizo.

Tatu, Parokia zetu zikae na majirani zake kuhusu vipaza sauti, maegesho na takataka kabla hawajaenda kushitaki. Paroko na imamu wa msikiti wa jirani wakiwa na namba ya simu ya mwenzake, uzushi mwingi utazimwa kabla ya kuwaka.

Nne, tushiriki katika mambo ya mtaa: mikutano ya wananchi, ulinzi shirikishi, usafi wa mifereji kabla ya masika. Si haki kulalamika kwamba mtaa hauna utu huku tukiwa hatujulikani hata kwa mjumbe wetu.

Fursa nzuri iko karibu. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, na mwezi wa Ramadhani, kutegemea mwandamo wa mwezi, unaanza siku hizo hizo, kama ilivyotokea pia mwaka uliopita. Kwa muda wa majuma kadhaa jiji letu litafunga pamoja: sisi tukielekea Pasaka ya tarehe 5 Aprili, wao wakielekea Idi. Hatufungi kwa sababu zile zile, na hatuna haja ya kujifanya kwamba tunafunga kwa sababu zile zile. Lakini njaa ya saa kumi jioni inafanana, na huruma kwa maskini inadaiwa kwetu sote. Kwa nini Jumuiya isipeleke tende kwa familia moja ya mtaani jioni moja ya Kwaresima, kutokana na kile ilichojinyima?

Ile Jumuiya tuliyoianza nayo bado inasali Jumamosi alfajiri, na bado inapita njia ile ile. Badiliko ni moja. Ikifika kwenye mlango ule, wimbo husimama kidogo, kiongozi hubisha, na mzee hujibu kutoka ndani. Hupewa shikamoo, huulizwa hali ya sukari yake, naye huwauliza wao wanasali nyumba gani leo. Kisha huendelea na safari yao. Haichukui hata dakika tatu. Mzee anaitwa kwa jina lake.